Uzi: AIO yako inaganda? Pima kwanza, anza na diski, RAM ifuate

#1 Mleta uzi, Majengo, Dodoma

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni wa wenye AIO, zile kompyuta za mezani ambazo kioo na mashine vimefanywa kitu kimoja. Dodoma zimejaa: kaunta za maduka, steshenari za jirani na vyuo, zahanati, ofisi za watu binafsi kuanzia Area C hadi Kisasa. Nyingi ninazoletewa ni used, za prosesa ya Intel kizazi cha nne hadi cha saba, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi zilizofunguliwa) 4GB na diski ya kuzunguka ya 500GB. Kioo kizuri, prosesa bado ina nguvu, lakini asubuhi unaiwasha, unafagia duka, unapanga bidhaa, na bado haijawa tayari kuchapa hata barua moja.

Mwenye mashine kama hiyo huambiwa mambo mawili: ongeza RAM, au nunua nyingine. Mimi nayakataa yote mawili mpaka mashine ipimwe. Inaniuma kuona mtu anatoa hela ya kodi ya fremu kulipia RAM ya 16GB, anarudi kazini, na mashine inajikongoja vilevile kwa sababu tatizo lilikuwa diski.

Kupima ni bure. Washa mashine, iache itulie, fungua kwa pamoja programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye ukurasa wa grafu. Diski ikionyesha asilimia 100 huku inasoma megabaiti mbili tatu tu kwa sekunde, foleni ipo hapo. RAM ikiwa imejaa asilimia 85 na kuendelea, nayo imeelemewa. Mara nyingi utazikuta zote mbili zinalia, na zinahusiana: RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ikiwa ya kuzunguka, kila kitu kinasimama kuisubiri.

Kwa nini naanza na diski? Diski ya kuzunguka ina sahani na mkono unaotembea kutafuta data. Windows ni maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, kwa hiyo mkono unatumia muda mwingi kutembea kuliko kusoma. Hata ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo, diski ya inchi 2.5 yenye mizunguko 5400 kwa dakika hufika kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD, yaani diski ya chipu tupu, ikiunganishwa kwa njia ya kawaida ya SATA, haina kinachozunguka. Hufika kama 550, na hicho ni kikomo cha njia ya SATA 3 yenyewe. NVMe, aina ya SSD inayopita njia ya kasi zaidi ya PCIe 3.0, hufika hata 3500. Lakini namba hiyo ya mwisho isikutoe hela bila sababu. Kwa Word, Excel, risiti na intaneti, nafuu kubwa unaipata ukitoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote nzuri. Ukitoka SATA kwenda NVMe, kwa kazi hizo, wengi hawaoni tofauti.

Halafu kuna bei. RAM zimepanda dunia nzima tangu nusu ya pili ya 2025, kwa kuwa Samsung, SK Hynix na Micron, ambao ndio watengenezaji wakubwa wa chipu hizo, wanaelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. SSD nazo zimeguswa. Kila shilingi iende panapouma.

Ulizeni, nitajibu nikiwa na nafasi. Mafundi wenzangu karibuni mrekebishe.

#2 Mdau, Nkuhungu

Mkuu nakuheshimu, ila hapo kwenye kuanza na diski tutofautiane. Yangu ilikuwa na 4GB, nikaweka 8GB, diski ileile ya zamani, na ikapona. Watu wasiambiwe RAM haina kazi.

#3 Mleta uzi

Sijasema haina kazi, mkuu. Mashine yako ilikuwa inahamishia kazi kwenye diski kwa sababu 4GB haikutosha. Ulipofika 8GB ikaacha. Hiyo ni dawa sahihi kwa ugonjwa huo. Lakini zima mashine yako, uiwashe upya, uhesabu muda mpaka Excel ifunguke. Hapo ndipo utaiona diski.

Ninavyopendekeza: SSD kwanza, na kama RAM ni 4GB, ifike 8GB hela ikiruhusu. Kutoka 8GB kwenda 16GB ni kwa mwenye kazi inayodai: vichupo vingi vya intaneti siku nzima, usanifu wa mabango, AutoCAD ya michoro, QGIS ya ramani kwa vijana wa Chuo cha Mipango. Ukiunganisha picha za droni, hata 16GB utaiona ndogo. Kwa risiti na barua, 8GB inakutosha kabisa na usishawishike.

Jambo moja linasahaulika. Angalia Windows yako ni ya biti 32 au 64. Ya biti 32 haivuki 4GB hata ukiichomekea 16, na nyingine inaishia kutumia kama 3 na ushee. Kuna watu wamelipia RAM ambayo kompyuta haiioni, na hakuna aliyewaambia sababu.

#4 Mdau, Ng'ong'ona

Kaka habari za jioni. Nina steshenari huku karibu na UDOM, wanafunzi wakijaa mashine inaganda mpaka wanahamia kwa jirani. Ni HP ProOne 400 G1. Nataka kuagiza RAM na SSD Kariakoo, nitumiwe kwa basi. Niwaambie wanipe nini hasa? Nikikosea, kurudisha ni gharama nyingine.

#5 Mleta uzi

Nzuri dada, pole na usumbufu. Umeuliza kabla ya kulipa, hilo limekuokoa nusu ya shida.

AIO nyingi, yako ikiwemo, hutumia RAM fupi za laptop, SO-DIMM, siyo zile ndefu za kompyuta ya kasha. Ukimwambia muuzaji "RAM ya desktop" atakupa ndefu na haitaingia. Kwa vizazi vya RAM, DDR3 fupi ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo la katikati limekaa mahali tofauti, kwa hiyo aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Ikikataa usiisukume kwa nguvu, utavunja sloti, na sloti ya RAM ikivunjika ni kazi ya mazabodi (bodi kuu) nzima.

ProOne 400 G1 ni kizazi cha nne. Inataka DDR3L, na ile L ndiyo ya kushikilia. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35. Zinafanana umbo na zote zinaingia, lakini baadhi ya mashine za kizazi cha nne ukiziwekea ile ya 1.5 kioo kinabaki cheusi. Kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya RAM tafuta maandishi PC3L-12800S. PC3L ni DDR3L, 12800 ni ya kasi ya 1600, S ni fupi. Mwambie muuzaji akupigie picha ya karatasi hiyo kabla hujatuma hela. Picha ya boksi haitoshi.

Mashine yako ina sloti mbili na inapokea mpaka 16GB. Kabla ya kuagiza, ile Task Manager kwenye ukurasa wa kumbukumbu itakuonyesha sloti ngapi zimetumika. Kama kuna kipande kimoja cha 4GB, ongeza kingine cha 4GB cha kasi hiyohiyo. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba, na kwenye AIO isiyo na kadi ya picha utaona nafuu hata kwenye kioo, maana picha nazo zinakula kwenye RAM hiyohiyo.

SSD yako iwe SATA ya inchi 2.5. Usiuziwe NVMe: BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) za kizazi cha nne kwa sehemu kubwa haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe hata ukitumia adapta. Fungua kwanza uone diski iliyomo. Baadhi ya AIO zina diski pana ya inchi 3.5, na hapo utahitaji fremu ndogo ya kushikia SSD isiningʼinie kwenye waya. 256GB inatosha kwa Windows na kazi za wanafunzi.

Bidhaa ikifika, usiianzishe kazi siku hiyohiyo. Kuna "SSD" ambazo ndani ni kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyochezewa ijitangaze kuwa kubwa. H2testw ni programu ya bure, inaijaza diski yote kisha inaisoma tena. Ikikuta data imepotea, rudisha siku hiyohiyo ukiwa na picha ya matokeo. Mtu anayekuuzia 2TB kwa bei ya 256GB, achana naye.

#6 Mdau, Ilazo

Yangu ina sloti ndogo kwenye bodi inafanana kabisa na ya M.2, ile ya kadi nyembamba. Naweza kuweka SSD hapo?

#7 Mleta uzi

Angalia kama kuna kadi yenye nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Hiyo ni ya Wi-Fi, na sloti yake siyo ya SSD ingawa nayo ni M.2. Ya SSD kwa kawaida ina nafasi ya milimita 80 kwenda mbele na tundu la skrubu mwishoni. Ndiyo maana zinaitwa 2280, upana 22 na urefu 80. Ukiikuta, bado uliza kama inapokea SATA au NVMe, maana umbo ni moja na njia ni mbili. Kitabu cha huduma cha modeli yako kinaeleza. HP, Dell na Lenovo wanaviweka vyote kwenye tovuti zao bure.

#8 Mdau, Mpwapwa

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Mimi ni mwalimu. Shule yetu ina AIO kadhaa za msaada, kizazi cha nne, zina Windows 10. Tukichangishana tukaweka SSD na RAM, tutaweza kwenda Windows 11? Wazazi wataniuliza, sitaki kuwaahidi uongo.

#9 Mleta uzi

Marahaba mwalimu. Jibu la kuwapelekea wazazi ni hapana. SSD na RAM havibadilishi prosesa. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na kwa Intel orodha rasmi kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane. Zipo njia za kuilazimisha ikubali, lakini siwezi kumshauri mwalimu aweke maabara ya watoto kwenye mfumo ambao mtengenezaji mwenyewe hauungi mkono kwenye mashine hizo.

Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nyongeza ya marekebisho ya usalama kwa watu binafsi ilitangazwa hadi Oktoba 2026, lakini shule siyo mtu binafsi.

Hata hivyo mashine hizo msizitupe, mwalimu, nakuomba sana. Wekeni SSD, RAM zifike 8GB, halafu Linux Mint. Ni ya bure, haihitaji leseni, na inakuja na LibreOffice inayofungua mafaili ya Word na Excel. Mtoto atajifunza kuchapa, majedwali, intaneti na hata kuandika programu. Mnaweza kuijaribu kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski, muone kama printa na Wi-Fi vinakubali, ndipo mwamue. Anzeni na mashine moja. Wazazi wakiiona inafanya kazi, mchango utakuwa mwepesi kuuomba.

#10 Mdau, Singida

Mimi nina iMac ya inchi 21.5 ya mwishoni mwa 2015. Fundi kaniambia RAM haiongezeki, nikadhani anakwepa kazi.

#11 Mleta uzi

Amekuambia kweli, mshukuru. Kwenye hiyo ya 21.5 ya mwishoni mwa 2015, RAM imechomelewa kwenye bodi. Ndugu yake ya inchi 27 ya mwaka huohuo ni tofauti kabisa: chomoa waya wa umeme, palepale nyuma kuna kitufe kinachofungua kamlango, ndani kuna sloti nne, na unabadilisha bila kugusa kioo. iMac za inchi 24 kuanzia M1 ya 2021 hazina cha kuongeza, RAM na hifadhi zote zimechomelewa. Anayenunua used ajue hilo kabla ya kulipa, kwa sababu alichonunua ndicho atakachokaa nacho mpaka mwisho.

Kwa yako, kufungua kioo ni kukata gundi inayokizunguka. Kioo kikipasuka, gharama inazidi faida. Nunua SSD ya nje ya USB 3, weka macOS humo, washa ukiwa umeshikilia kitufe cha Option, uichague. Modeli yako inaishia macOS Monterey. Diski ya ndani iache ilivyo.

#12 Mdau, Makulu

Mkuu elezea na kufungua. Wengine tuna bisibisi na moyo.

#13 Mleta uzi

Kwenye hili nitachukua nafasi, kwa sababu Dodoma ina mambo yake.

Kwanza vumbi. Upepo wa kuanzia Agosti hadi Oktoba unajaza vumbi jekundu ndani ya AIO kuliko kompyuta za kasha, maana mashine nzima imebanwa nyuma ya kioo na hewa inapita matundu membamba. Nimezifungua nyingi ambazo feni imevaa vumbi kama sweta. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine anaona "inaganda". Kwa hiyo siku ya kuweka SSD ndiyo siku ya kusafisha. Tumia brashi laini na blowa, na uishikilie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Ikiwa pesti ya kupitisha joto la prosesa imekauka, futa uweke mpya. Fanyia ndani ya chumba, dirisha limefungwa, siyo barazani.

Pili, umeme tuli. Kiangazi chetu ni kirefu na hewa ni kavu. Ukivua sweta usiku unasikia cheche. Cheche ndogo usiyoisikia inaweza kuua chipu. Usifanyie kazi juu ya zulia, usivae nailoni, gusa chuma kabla ya kushika RAM na rudia kila unapoinuka. RAM ishikwe pembeni, siyo kwenye meno ya dhahabu.

Sasa kazi. Zima, chomoa umeme na nyaya zote, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki. Tandika shuka laini, laza mashine kifudifudi, kioo kikae juu ya kitambaa pasipo kijiwe hata kimoja. Toa stendi, kwa kawaida ni skrubu nne. Mfuniko wa nyuma fungua kwa kadi ya plastiki, siyo bisibisi, ukienda pole kwa pole kufuata ukingo. Ukiachia usivute kwa kishindo, nyingine zina waya wa spika au antena ulioshika mfuniko. Piga picha kwa simu kila hatua.

Ukikuta ndani kuna kiboksi cha umeme kinachoingiza moja kwa moja umeme wa ukutani, kama iMac zilivyo, usikiguse. Kapasita zake zinashikilia umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Zenye adapta ya nje kama laptop ni salama zaidi kwa anayeanza.

RAM mara nyingi iko chini ya bati dogo. Achia vishikizo viwili vya pembeni, itainuka yenyewe. Mpya iingize kwa mshazari mpaka meno yapotelee ndani, kisha ilaze mpaka vishikizo vilie. Ukiwasha ukakuta kioo cheusi, usiogope: mara ya kwanza mashine nyingine hujipima kwa dakika kadhaa. Ikiendelea, zima, chomoa umeme, ichomoe RAM, futa meno kwa kifutio safi cha penseli, jaribu kipande kimoja kimoja katika kila sloti.

Na tafadhali, UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. AIO haina betri. Umeme ukikatika katikati ya kunakili diski ya zamani kwenda mpya, unaanza upya ukiwa na bahati.

#14 Mdau, Mtumba

Niongezee kidogo, maana kazi yangu ni TEHAMA.

Kabla ya kugusa diski ya zamani, iangalie afya kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha sekta mbovu (sehemu zilizoharibika) zinaongezeka, usianze kwa kunakili diski nzima, itakufia njiani. Toa kwanza mafaili muhimu.

Ukitumia Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali kuhamisha kutoka diski kubwa kwenda ndogo, hata kama data ni chache. Ukitoka 500GB kwenda 256GB, mimi huweka Windows upya. Leseni ya Windows 10 au 11 iliyokuja na mashine haipotei, imefungwa kwenye mazabodi, siyo kwenye diski. Kuwaka kutoka kwenye flashi, HP ni F9, Dell na Lenovo ni F12. Kwenye Dell ukikuta BIOS imewekwa RAID na umenakili diski ya zamani, usibadilishe kwenda AHCI (mpangilio mwingine wa diski) hivihivi, Windows itashindwa kuwaka.

Kama diski ina BitLocker, kufuli ya data ya Windows, tafuta namba ya kufungulia kabla ya yote. Bila hiyo namba data haifunguki, hata ukienda kwa fundi gani. Na mashine ya ofisi ya umma usiifungue mwenyewe, pitia kitengo chenu.

#15 Mdau, Ng'ong'ona

Kaka nashukuru sana. Vitu vimefika, karatasi ya RAM ni PC3L-12800S kama ulivyosema, SSD imepita mtihani. Kijana wa jirani amenisaidia kufungua, vumbi lilikuwa la kutisha. Inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti! Sasa hii diski ya zamani kuna mtu anataka kuinunua. Nimuuzie?

#16 Mleta uzi

Hongera dada, nimefurahi kweli.

Usimuuzie bado. Humo kuna vyeti, CV na namba za vitambulisho vya wanafunzi waliokuja kuchapa kwako. Kufuta kwa kawaida au kufomati haraka hakuviondoi, mtu mwenye programu ya bure anavirudisha. Kama CrystalDiskInfo inasema diski ni nzima, inunulie kasha la USB, ifanye ya bakapu na uifungie kabatini. Kama bado unataka kuuza, ifomati kwa njia ndefu, ile ya kuondoa tiki kwenye fomati ya haraka. Inaandika sifuri diski nzima na inachukua saa kadhaa. Iache usiku ikiwa kwenye UPS. Kama ina sekta mbovu, itoboe kwa drili sahani zote, usimpe mtu.